Uhandisi tangu zama za mawe hadi TAZARA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, walimu na wageni wanaopita Iringa, Mbeya na Sumbawanga. Mifano mingi tumeichukua huku huku kwetu. Palipohitaji Misri, Roma au Uingereza, tumekwenda huko.

Kitu cha zamani kuliko vyote kilichojengwa na binadamu ni kipi?

Kwa ushahidi uliopo, ni magogo mawili ya Kalambo. Yalifukuliwa karibu na maporomoko ya Mto Kalambo, mpakani mwa Zambia na mkoa wa Rukwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: umri wake ni miaka 476,000 hivi. Gogo la juu limechongwa pengo, likakalia gogo la chini kwa kukingama ili lisiteleze. Fundi seremala wa leo akiliona atajua mara moja kilichokusudiwa. Huenda lilikuwa jukwaa la kukanyagia penye tope, huenda msingi wa kibanda.

Mbao huoza, ndiyo maana hatuna vitu vingi vya namna hii. Haya yalipona kwa sababu yalizama kwenye mchanga na tope lililojaa maji, na oksijeni haikuyafikia. Aliyeyachonga hakuwa binadamu wa aina yetu. Binadamu wa leo alitokea miaka kama 300,000 iliyopita.

Mbona hamkuanza na piramidi?

Kwa sababu ni za juzi. Piramidi kubwa ya Khufu ina miaka kama 4,500. Kazi ya Kalambo ina umri wa mara mia moja zaidi.

Tena, ukitaka kujifunza uhandisi kwa Wamisri wa kale, bwawa lao lina mengi kuliko makaburi yao. Sadd el-Kafara lilijengwa bondeni kusini mwa Cairo yapata miaka 4,600 iliyopita, tuta la urefu wa mita 110 na kimo cha mita 14, kuta za mawe na kifusi katikati. Halikuwa na njia ya kumwagia maji ya ziada. Mafuriko yalikuja kabla halijakamilika, maji yakapita juu ya tuta na kulichimba katikati. Malambo ya vijijini Iringa na Njombe hufa kwa ugonjwa uo huo: tuta la udongo linavumilia maji yaliyotulia ubavuni, lakini likipitiwa juu kwa saa chache linakatika. Kwa hiyo mlango wa maji ya ziada unachimbwa kwenye ardhi asilia pembeni, chini ya usawa wa kilele cha tuta, wala haukatwi kwenye tuta lenyewe. Na tuta linashindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 kila moja, udongo ukiwa na unyevu wa kushikamana mkononi bila kuchuruzika.

Zana za Isimila ni mawe tu. Uhandisi uko wapi hapo?

Uko kwenye uchaguzi wa jiwe na pembe ya pigo. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, iligunduliwa 1951 na kuchimbwa 1957 na 1958. Mashoka ya mkono yaliyopatikana pale hukadiriwa kuwa na miaka 260,000. Yamechongwa pande zote mbili mpaka kingo zikakutana.

Jaribu mwenyewe utaona. Jiwe lenye chembe kubwa hubomoka ovyo. Unahitaji jiwe gumu la chembe ndogo, kama kwazaiti, ambalo ufa husafiri ndani yake bila kukatishwa. Ukingo unaoupiga lazima uwe na pembe chini ya nyuzi 90. Ukizidi hapo, nguvu inaishia ndani ya jiwe na utapata vumbi na kidole kilichovimba. Pigo linaangukia milimita chache ndani ya ukingo. Ukipiga ukingoni kabisa, unapasua kibanzi kifupi kinachoacha ngazi, na ngazi ikishatokea, vibanzi vinavyofuata navyo vinakomea hapo hapo. Mawe ya namna hiyo yalitupwa.

Zile nguzo ndefu za Isimila zilijengwa na nani?

Hakuna aliyezijenga. Ni mmomonyoko: mvua imekata udongo laini na kuacha pale palipofunikwa na tabaka gumu.

Wafipa waliyeyushaje chuma bila mivukuto?

Kwa kimo. Tanuri lao kubwa, ilungu (wingi malungu), lilifikia mita tatu, pana chini na jembamba juu, likafinyangwa kwa udongo wa kichuguu ambao unavumilia moto. Chini lilizungukwa na matundu yenye mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Ndani yalipangwa matabaka ya mkaa na madini ya chuma. Moto ukishika, hewa ya moto inapanda kwa wepesi wake na kuvuta ya baridi kupitia mirija. Mvuto huo ni mdogo mno. Kwa tanuri la mita tatu haufiki hata paskali 30. Ndiyo sababu matundu yalikuwa mengi na kazi haikuwa ya saa moja: moto uliachwa ufanye kazi polepole, mchana na usiku.

Wengi hukosea wanapodhani chuma kiliyeyuka kama maji. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri hilo halikufika huko. Linalotokea ni hili: mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, gesi hiyo inanyang'anya madini oksijeni yake, na chuma kinabaki kigumu kama sifongo. Kinachoyeyuka ni uchafu, mavi ya chuma, karibu na nyuzi 1,200. Huchuruzika chini na kuacha bonge.

Bonge la ilungu lilikuwa bado chafu. Lilivunjwavunjwa likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ikatumika. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipoanza kufua jembe. Hatua tatu, matanuri mawili. Sehemu nyingi za Afrika walitumia tanuri moja lenye mivukuto. Wafipa waliokoa jasho la kuvukuta kwenye hatua kubwa na kulitumia kwenye hatua ndogo. Huo ni mpango wa kazi unaostahili kuheshimiwa.

Ni nini kilichoweza kuharibu kazi ya tanuri?

Hapa ndipo ufundi ulipokuwa, na tunaomba walimu wasiruke sehemu hii.

Kuta zenye unyevu. Maji yaliyomo hugeuka mvuke, ukuta unapasuka, na hewa inaingia pasipotakiwa. Tanuri jipya lilihitaji kukauka vizuri, kisha kupashwa kwa moto mdogo kwanza.

Hewa pungufu. Mirija ikizibwa na mavi ya chuma yaliyoganda, joto linashuka, uchafu hauchuruziki, na unabaki na zege la madini nusu na mkaa nusu. Halifuliki.

Hewa nyingi kupita kiasi. Chuma kilichokwisha kupatikana kinaungua tena, kinarudi kuwa uchafu. Moto unaonekana mzuri kwa nje, lakini ndani hakuna kitu.

Kaboni nyingi. Chuma kikikaa mno kwenye mkaa wenye joto kali kinanyonya kaboni, kinayeyuka kweli, na kinakuwa chuma cha kumimina: kigumu, lakini nyundo ikikigusa kinavunjika kama kigae. Kwa mhunzi asiye na kalibu, hiyo ni hasara tupu.

Kazi hii ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea. Baadhi ya malungu bado yamesimama Ufipa, na mavi ya chuma yanaokotwa mashambani.

Kimondo cha Mbozi kilitumika kutengeneza zana?

Hakuna dalili hiyo. Kingefaa, kwa kuwa karibu asilimia 90 ni chuma na asilimia 8 au 9 ni nikeli, na chuma cha kimondo hakihitaji kuyeyushwa kutoka kwenye madini. Jambia la farao Tutankhamun lilifuliwa kwa chuma cha namna hiyo. Tatizo la cha Mbozi ni ukubwa: bonge la mita tatu lenye uzito wa tani nyingi huwezi kulivunja kwa nyundo, na nikeli inalifanya lisikatike kirahisi.

Ngoro za Wamatengo ni kilimo. Kwa nini mnaziweka kwenye uhandisi?

Kwa sababu ni mfumo wa kuzuia maji mlimani, na umebuniwa kwa vipimo. Milima ya Mbinga ina mwinuko mkali. Ukilima matuta ya kawaida, msimu mmoja wa mvua unakubakishia mawe.

Utaratibu ni huu. Mvua zinapokaribia kwisha, mwezi wa pili au wa tatu, majani hufyekwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba ya mita moja na nusu hadi mbili kila upande. Udongo wa katikati ya mraba huchimbwa na kufunika mistari ya majani. Unabaki na shimo katikati na matuta pande nne, na ndani ya kila tuta majani yanaoza kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta mara moja. Mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka. Magugu ya palizi hutupwa shimoni. Mzunguko mpya ukianza, matuta mapya huwekwa palipokuwa mashimo, hivyo shamba zima hupinduliwa bila kuhama.

Hesabu yake si ngumu. Chukua shimo la mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 30: linabeba lita 300. Mraba wa mita 2 kwa 2 una mita za mraba 4. Lita 300 kwa mita za mraba 4 ni milimita 75 za mvua. Mvua ya milimita 75 ikinyesha kwa mpigo mmoja, shimo hilo linaimeza yote, hata kabla hujahesabu inayozama ardhini.

Tuta moja la juu likibomoka, maji yake yanaangukia shimo la chini, nalo linajaa na kubomoka, na mpasuko unashuka mlima mzima. Kwa hiyo ukaguzi huanzia juu. Kwenye udongo wa kichanga ngoro hazidumu, na kwenye tambarare hazina maana. Zitatuamisha maji na kuozesha mizizi.

Matofali ya kuchoma yanapasuka tanurini. Watu wa kale waliepukaje?

Kwa subira, hasa. Miji ya bonde la Indus, kama Mohenjo-daro, ilitumia matofali ya kuchoma miaka 4,500 iliyopita kwa uwiano mmoja: unene 1, upana 2, urefu 4. Uwiano huo si urembo. Tofali mbili za kulala zinafunikwa sawasawa na moja ya kukingama, na fundi anafunga ukuta bila kukata vipande.

Upasukaji wa tanurini karibu kila mara ni maji. Tofali bichi likikauka nje kwa jua kali huku ndani likiwa na maji, linapasuka hata kabla ya moto. Kausha kivulini au funika kwa nyasi, geuza baada ya siku chache, na usipange tanuri kabla ya wiki mbili. Kwenye ukungu wa Mufindi au Njombe, tatu. Usiku wa kwanza ni wa moshi tu: moto mdogo kwenye midomo ya tanuri mpaka moshi mweupe wa mvuke uishe. Ukikoleza kuni mapema, mvuke unatafuta pa kutokea na kulipasua tofali. Kisha panda hadi moto mkali, nyuzi 900 au zaidi, na ziba midomo ili lipoe taratibu.

Kupima: gonga mawili. Yakilia kama kigae, yameiva. Yakitoa sauti nzito, hayajaiva. Loweka moja usiku kucha. Likianza kumeguka, lilikuwa udongo uliokauka, na halifai kwa msingi. Udongo mweusi wa mbuga uache kabisa, kwani unasinyaa mno.

Zege la Kirumi lilidumu kwa nini? Majivu ya volkano ya Rungwe yanaweza kufanya hivyo?

Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano. Vitruvius, aliyeandika karne ya 1 kabla ya Kristo, anatoa vipimo: chokaa 1 kwa mchanga wa kuchimbwa ardhini 3 kwa majengo ya nchi kavu, chokaa 1 kwa majivu 2 kwa kazi za majini. Chokaa peke yake huwa ngumu kwa hewa, polepole, na haiwezi maji. Majivu yana silika inayoungana na chokaa penye unyevu na kutengeneza gundi ya jiwe hata chini ya bahari. Kuba la Pantheon mjini Roma, lililokamilika karibu mwaka 125, lina kipenyo cha mita 43.3, halina nondo, na sehemu za juu waliweka pamisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu, ili kupunguza uzito.

Huku tuna vyote viwili: mawe ya chokaa Songwe, na majivu na pamisi za Rungwe na Ngozi. Kwa kanuni, inawezekana. Lakini majivu yaliyokwisha kuoza kuwa udongo mwekundu hayafai; yanatakiwa makavu, mabichi, yaliyosagwa laini kama unga. Chokaa inachomwa nyuzi 900 hivi, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Kuizima kwa maji ni hatari: inachemka na kurukia macho. Na mchanganyiko huu hauna haraka. Ukiutegemea ubebe mzigo baada ya siku saba kama saruji ya dukani, utaangusha jengo. Kwa linta na nguzo za leo tumia saruji.

Daraja la Mungu limejengwa na nani?

Na volkano. Lava iliganda juu, Mto Kiwira ukatafuta njia chini yake. Linasimama kwa sababu ile ile tao la Kirumi linasimama: mawe yanabanana, hayavutwi. Jiwe likibanwa ni hodari, likivutwa linakatika.

Ni kweli Iringa iliwahi kuwa na mabomba ya maji ya mianzi?

Kweli, kuanzia miaka ya 1970, wakati mabomba ya plastiki na chuma yalipokuwa ya kutafutwa kwa fedha za kigeni. Wachina walishapitisha maji ya chumvi kwenye mianzi karne nyingi nyuma, kwa hiyo wazo lilikuwa na ukoo.

Vifundo vya ndani vilitobolewa kwa chuma kirefu chenye ncha ya patasi, vipande vikaunganishwa, na mwanzi ukazungushiwa waya. Waya ndio uliobeba kazi. Nyuzi za mwanzi zimelala kwa urefu, kwa hiyo haupasuki kwa kuvutwa ila kwa kutanuliwa, na maji hutanua. Kila mita 10 za kimo ni shinikizo la kilo moja kwa sentimita ya mraba, na kwenye milima yetu mita 10 ni hatua chache tu. Tiba ni matangi ya kukatisha shinikizo njiani.

Maadui walikuwa watatu: mchwa, ukungu wa kuozesha, na ukavu. Mwanzi ukikaa bila maji unapasuka, ukijazwa tena unavuja. Dawa za kuhifadhi mbao nazo zilileta swali zito, maana baadhi zina sumu kama arseniki, na haya ni maji ya kunywa. Plastiki ilipopatikana kwa bei nafuu, mjadala ukaisha.

Kwa nini garimoshi la TAZARA haliwezi kupita reli ya kati ya zamani?

Milimita 67. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067 kati ya vyuma vyake viwili, ule wa Zambia na kusini mwa Afrika. Reli ya kati iliyoanzwa na Wajerumani ina milimita 1,000. Shehena inapaswa kuhamishwa, na Kidatu ndipo reli hizo zinapokutana.

Na kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kwa nini?

Kati ya kilomita 1,860 za reli yote, iliyojengwa 1970 hadi 1975, kipande hiki cha kilomita 157 ndicho kilichowatoa watu jasho: mahandaki 18 na madaraja 46. Reli inatoka bonde la Kilombero na kupanda zaidi ya mita 1,000, na kilele cha reli nzima, karibu mita 1,790, kiko Uyole.

Lori linapanda mlima ambao garimoshi haliwezi, kwa sababu ni chuma juu ya chuma. Tuchukue kichwa cha tani 100, kikishika reli kwa robo ya uzito wake: kinavuta kwa nguvu ya tani 25. Kwenye tambarare kila tani ya treni inadai kilo 3 hivi, kwa hiyo kinaweza kusogeza tani 8,000 na zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila 100, kila tani inadai kilo 20 za ziada, jumla 23, na kichwa kile kile hakiwezi kuvuta zaidi ya tani 1,100. Mvua ikinyesha, mshiko unapungua tena, na dereva anamwaga mchanga mbele ya magurudumu. Ndiyo maana wahandisi walitoboa milima badala ya kuipanda, na wakarefusha njia makusudi: kupanda mita 1,000 kwa mwinuko huo kunataka angalau kilomita 50 za reli.

Mto wetu kijijini unaweza kutoa umeme kiasi gani?

Zidisha mambo mawili: maji na kimo. Kilowati ni sawa na 9.8 mara mita za ujazo kwa sekunde mara mita za mwanguko, kisha toa hasara. Kwa mtambo mdogo chukua asilimia 60. Lita 50 kwa sekunde zikianguka mita 40 zinatoa kilowati 11 au 12, zinazotosha mashine moja ya kusaga na taa za kitongoji. Pima maji mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mto ukiwa umechoka. Ukipima masika utanunua mtambo utakaolala nusu mwaka.

Kituo cha umeme cha Kihansi kinaonyesha nguvu ya kimo. Mwanguko wake ni mita 850 hivi, kwa hiyo maji ya mita za ujazo 25 kwa sekunde yanatosha megawati 180. Lakini maji yale yalikuwa na mwenyewe: chura mdogo wa Kihansi aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, ingawa mabomba ya kunyunyizia yalikuwa yamewekwa.

Mitambo midogo inauawa na mchanga unaokula vikombe vya tabini, majani yanayoziba chujio, na mtu anayefunga valvu kwa pupa. Maji yaliyomo bombani yana mwendo. Ukiyasimamisha ghafla yanagonga kama nyundo na kupasua bomba kule chini. Funga polepole, hesabu hadi 60.

Fundi na mhandisi wanatofautianaje?

Neno mhandisi tulilichukua kwa Waarabu, muhandis, nao walitoa mzizi wake kwa neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Kiingereza kilipata neno lake kwenye mitambo ya vita. John Smeaton wa Uingereza, karne ya 18, alijiita mhandisi wa kiraia ili asichanganywe na wa jeshi. Jina letu limekaa vizuri zaidi: mhandisi ndiye anayepima kabla. Kisheria, hapa Tanzania, ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ila mjenzi wa ilungu na mchimba ngoro walikuwa wakipima pia, kwa hatua na kwa mkono.

Nikitaka kuona haya kwa macho, nianzie wapi?

Anza Isimila, asubuhi kabla jua halijakolea. Kisha panda TAZARA kati ya Makambako na Mlimba, ukichagua treni inayopita kipande hicho mchana, maana usiku utahesabu mahandaki kwa masikio. Daraja la Mungu na Kimondo cha Mbozi vinafikika kutoka Mbeya mjini. Kwa ngoro nenda Mbinga mwezi wa tatu, wakati majani yamelazwa lakini hayajafukiwa. Ukichelewa wiki mbili utaona mashimo tu.